Kasuku wa Langoni

Hekaya kwa wasanidi wa programu wanaowasha kashe kwenye Amazon API Gateway

Hapo kale palikuwa na kijiji cha wanyama, na mtunza daftari wake alikuwa Mzee Kobe. Alijua kina cha mto, bei ya mtama na deni la kila mmoja. Ila kwa kila swali, hata alilolijibu punde tu, alijikokota hadi ghalani, akafunua daftari, akajikokota kurudi. Foleni ikafika mtoni.

Sungura, msimamizi wa lango, akaenda gulioni, akarudi na Kasuku. Muuzaji alimpa masharti: ndege akumbuke jibu kwa sekunde 300, kisha akamuulize Kobe upya; hata iweje, asivuke sekunde 3600. Tena ajibu waulizao tu, waletao mizigo awapishe.

Siku ya kwanza wanyama mia walikuja kwa mkupuo kuuliza bei ya mtama, na Kobe aliamka mara moja tu. Simba akanguruma barazani: "Sungura ni hodari!" Sifa zikampanda Sungura kichwani. Akafuta masharti yote, akamwambia Kasuku akumbuke kila kitu kwa saa nzima.

Kesho yake Pundamilia akauliza, "Mto unavukika?"

"Unavukika, maji ya magoti!"

Alikuja kuopolewa chini ya maporomoko. Sungura akajitetea: "Kasuku hakusema uongo. Alisema kweli ya kabla ya mvua."

Akaja Fisi. "Mimi nadaiwa kiasi gani?" Swala, asiyekopa kitu, alikuwa ameuliza vivyo hivyo muda mfupi kabla yake, na Kasuku alifunzwa kusikiliza swali, si kumtazama muulizaji. "Hudaiwi hata punje!" Fisi akaenda zake akicheka. Siku ya pili Fisi akatangulia, na Swala akaambiwa anadaiwa mifupa magunia 40. Kijiji kizima kikaijua siri ya nyumba ya Fisi.

Mchwa nao wakaleta nafaka. "Imepokelewa!" akasema Kasuku, kama alivyosikia kwa waliotangulia. Wakaitua nje, wakaondoka. Mvua ikaimaliza.

Nyani akatoa ushauri: kila mnyama afundishwe neno "Sahau!", Kasuku akilisikia afute alilonalo, akamuulize Kobe. Kwa kuwa hakuna aliyemwamini tena, kila mmoja alianza na "Sahau!" Foleni ikarudi mtoni kama zamani, na juu yake ukaongezeka ujira wa Kasuku, unaolipwa kwa saa, aseme asiseme.

Hapo ndipo Mzee Kobe alipotoka nje, kwa siku mbili.

"Mmenipunguzia kazi bila kuniuliza kazi yenyewe," akasema. "Bei ya mtama hukaa hadi gulio lijalo; Kasuku airudie hiyo saa nzima. Mto wakati wa masika, sifuri: kila aulizaye aletwe kwangu. Deni lina mwenyewe. Kasuku alishike pamoja na jina la aulizaye, na kama hawezi, asilishike kabisa. Mwenye mzigo apite. Na neno 'Sahau' alijue msimamizi peke yake, maana mkilimwaga sokoni, kila mpita njia ataniamsha."

Sungura akarekebisha swali baada ya swali, usiku kucha, kazi aliyotakiwa kuifanya siku ya kwanza. Foleni ikaisha. Kobe akalala.

Mwezi ukapita. Mgeni akafika langoni, akastaajabu jinsi mambo yalivyonyooka, akauliza ni nani aliyeyapanga hivi.

"Sungura ni hodari!" akajibu Kasuku.

Lilikuwa jibu la siku ile ya kwanza. Katika yote aliyoyarekebisha, hilo peke yake Sungura hakuliwekea kikomo.