Mwongozo wa Kutafuta Volti Sandoa Bila Kuzipata

Mwongozo huu ni wako wewe unayeshuka kwenye treni Kasaji na kupanda kaskazini hadi Sandoa ukiwa na sumaku mkobani, kilo kadhaa za waya, na imani kwamba katika Lualaba, mkoa wa shaba, umeme ni wa kuokota. Kanuni ni fupi: volti zinazozalishwa katika koili, au bobini kama wasemavyo mafundi wa huku, ni idadi ya mizunguko ya waya, mara badiliko la flaksi ya sumaku, gawanya kwa muda wa badiliko hilo. Michael Faraday aligundua jambo lenyewe mwaka 1831, na tangu hapo watu wanalikosea kwa njia zilezile. Fuata hatua hizi nawe ukosee kwa mpangilio.

1. Tegemea ukubwa wa sumaku

Nunua sumaku kubwa kuliko zote sokoni, iweke katikati ya bobini, ukae usubiri. Utasubiri sana. Flaksi isiyobadilika, hata iwe kubwa vipi, badiliko lake ni sifuri, na sifuri mara mizunguko elfu moja ni sifuri ileile. Mtoto anayechezesha sumaku ya spika mbovu mbele ya bobini yake atakuwa amekushinda zamani.

2. Fukia bobini chini ya nyaya za Inga

Mtego huu ndio unaonasa werevu. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Ilianza kazi mwaka 1982, wakati Katanga ikiitwa Shaba, na hubeba umeme wa volti 500,000 kuupeleka migodini. Vijiji vingi vilivyo chini yake hulala gizani. Umeme unavipita kama treni isiyosimama stesheni. Basi mtu anajiambia: nitafukia bobini, niuvute umeme bila kugusa waya.

Kumbe ule ni mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja bila kugeuka. Sumaku yake imetulia, na bobini yako itatulia nayo. Ndiyo maana huwezi kutundika transfoma ya kawaida nguzoni ukapata taa kumi za kijiji: transfoma ni bobini mbili zinazoishi kwa flaksi inayopanda na kushuka. Kuugeuza mkondo huo kunahitaji kituo kikubwa kama kile cha Kolwezi, na vituo vya aina hiyo havijengwi kwa ajili ya taa kumi.

3. Pima kwa sentimita

Chukua bobini ya mizunguko 100, sentimita 10 kwa 10. Uga wa sumaku unaopita ndani yake ni tesla 0.5, nao unashuka hadi sifuri kwa sekunde 0.1. Eneo ni mita za mraba 0.01, na flaksi ni uga mara eneo, yaani weberi 0.005. Zidisha kwa 100, gawanya kwa 0.1: volti 5. Ni volti za chaja ya simu, ingawa kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu.

Wewe sasa andika eneo kuwa 100, kwa sababu 10 mara 10 ni 100 na sentimita hazina kosa. Utapata volti 50,000, yaani sehemu ya kumi ya laini ya Inga, kutoka katika bobini inayoenea kiganjani. Usishtuke. Tafuta mnunuzi.

4. Gombana na voltimita

Izungushe bobini hiyohiyo ndani ya uga uleule mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa jenereta ndogo. Hesabu itakupa volti 157. Voltimita itasoma 111. Kabla hujairudisha dukani, kumbuka kwamba 157 ni kilele, na voltimita husoma kilele kilichogawanywa kwa 1.41. Ukitaka 220 za nyumbani, ongeza mizunguko ifike 198.

Kisha weka petroli iliyochanganywa na maji. Mwendo ukishuka hadi 2,400, na jenereta ikiwa haina kirekebisha volti, zile 220 zitakuwa 176. Friji itaanza kulalamika. Mlaumu jirani.

5. Lipia shaba

Fundi aliyesuka upya bobini iliyoungua, bado inanuka vanishi, atakuambia: “Papa, hii ni shaba tupu, itatoa volti nyingi.” Rudia kanuni: mizunguko, flaksi, muda. Shaba haimo. Waya wa alumini wenye mizunguko ileile hutoa volti zilezile mpaka pale utakapochomeka kitu. Hapo ukinzani wa alumini, karibu mara 1.6 ya ule wa shaba, unapasha waya moto, volti zinashuka, na ile harufu ya vanishi inarudi.

Kwa hiyo kwangua waya kwa wembe. Wekundu ukitoka na ndani kukawa kweupe, umeuziwa alumini iliyopakwa rangi, na jenereta nyingi za bei rahisi zina waya huo. Malori yanatoa shaba ya Lualaba kupitia mpaka wa Kasumbalesa, wewe umebaki na wembe mkononi. Usiilaumu kanuni. Volti haziulizi kilicholala ardhini. Zinauliza kinachobadilika, na kwa haraka gani.

6. Dharau alama ya kutoa

Vitabuni kanuni hii huanza na alama ya kutoa, nawe utaifuta kwa kuwa inachafua jibu. Heinrich Lenz aliieleza maana yake mwaka 1834: umeme unaozalishwa hupinga badiliko lililouzaa. Sikiliza jenereta inayovuma bila mzigo, halafu chomeka pasi. Injini inazama kidogo, mngurumo unakuwa mzito, petroli inaanza kwenda. Hiyo ndiyo alama uliyoifuta.

Iko siku atakuja mtu na mashine aliyoiona kwenye video: mota inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, petroli hakuna, na kwako atapunguza bei. Usibishane naye kuhusu Lenz. Mwombe achomeke pasi. Akijibu kwamba pasi itaharibu mashine, hapo amesema kweli kwa mara ya kwanza. Mpe maji ya kunywa, na hela zako zibaki mfukoni.