Mia Nne na Kumi na Mbili

Kijana mmoja aliingia kwenye mahojiano ya kazi mjini Wote, na kabla hajaketi akatangaza: KCPE, alama 412 kati ya 500. Ana miaka 34 na ndevu. Mtihani wenyewe, wa darasa la nane, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Yeye bado anaukalia matanga. (Sicheki sana. Gredi yangu ya KCSE, ya kidato cha nne, naikumbuka kuliko nambari ya kitambulisho.)

Jopo lilitaka kujua kama anaweza kuendesha pikipiki hadi Kathonzweni msimu wa maembe, ayapime bila kuyaonja. Mia nne na kumi na mbili zikanyamaza.

Alipofika mlangoni, mzee wa jopo akamwita: “Na hesabu, kijana wangu, ulipata ngapi?”