Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Meza ya Ukaguzi

Mpiga Picha,
Kirumba, Mwanza.

Mkuu wa Meza ya Ukaguzi,
Kiwanja cha Ndege Nisichokitaja (bado nina tiketi ya kurudi),
Kanda ya Ziwa.

YAH: MAOMBI YA KUPEWA HADHI YA SANGARA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze kwa pongezi. Usalama wa anga si jambo la mzaha, na mimi nikipanda ndege huwa napenda kufika. Ila safari iliyopita nilijifunza kwamba kwenye meza yako kuna abiria wa daraja la juu ambaye halipi nauli, hana kitambulisho, na amekufa tangu alfajiri.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja na boksi la sangara, limezungushiwa selotepu mara tatu, maji ya barafu yakidondoka sakafuni. "Mwangaluka, mama!" kijana wako mmoja akamsalimu kwa Kisukuma, akauliza kama mzigo ni wa soko la Mwaloni, Kirumba, au umetoka Ukerewe. Mwingine akalibeba kwa mikono miwili na kulilaza mkandani taratibu, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Zamu yangu ikafika.

"Kaka, hivi vikopo vya nini?"

"Filamu za kamera. Naomba zikaguliwe kwa mkono."

"Fungua tuone picha."

Nikamweleza kwamba picha bado hazijasafishwa, na filamu ikivutwa nje ikaona mwanga, imeungua yote. Akanitazama kwa huruma, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo linanisumbua: "Sasa wewe mwenyewe unajuaje kama zimo?"

Akanionesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine: haidhuru filamu. Mheshimiwa, karatasi hiyo inasema nusu ya habari. Filamu ya kasi ndogo, ya 100 au 200, hupita kwenye mashine za zamani ikatoka salama, japo mionzi hujilimbikiza kila inapopitishwa tena. Lakini mimi nilikuwa natoka ziwani kuwapiga picha wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa mwanga wa taa tu. Hapo hutumii 100; unatumia 3200, filamu iliyotengenezwa kunusa hata mwanga wa kibiriti. Na chenye pua ya namna hiyo hunusa mionzi yako pia. Mashine mpya zinazopiga mzigo kwa pande zote ndizo balaa zaidi: Kodak wenyewe wanaonya filamu yoyote isipitishwe humo. Na usinishauri nizifiche kwenye begi la kwenda tumboni mwa ndege, maana mashine za huko huwa na mionzi mikali kuliko ya mezani kwako.

Filamu zilipita. Mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kijana alikuwa anaongea na simu.

Habari ya mizani sitaki kuirefusha. Mkobani ruhusa ni kilo saba. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenda chini. Lazima nipande nazo. Kwa hiyo sheria moja inavipandisha vifaa vyangu, nyingine inavishusha. Nikavaa kamera mbili shingoni, lenzi nikazitia mifuko ya koti, betri kwenye suruali. Mizani ikaridhika. Ndege ikaruka na kilo zilezile.

Pengine kosa ni kuja kama mpiga picha. Hubert Sauper, yule Mwaustria aliyetengeneza "Darwin's Nightmare" ya mwaka 2004 kuhusu sangara na ndege za mizigo hapa Mwanza, amewahi kueleza kwamba ili wasafiri na ndege zile walijifanya marubani na wapakiaji. Filamu yake ilifika mpaka kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani. Sitetei alichokisema kuhusu mji wetu. Wengi hapa bado kinawakera. Nasema tu kwamba aliyejifanya mbeba samaki alipita.

Hivyo naomba, kwa heshima na taadhima, filamu zangu ziandikwe kama minofu. Zipokelewe kwa salamu. Ziulizwe zimetoka mwalo gani. Zishikwe kwa mikono miwili, zifutwe kwa kile kitambaa chenu cha kupima baruti, zirudishwe mfukoni. Ni kazi ya dakika mbili. Niko tayari kununua boksi, selotepu na barafu kwa gharama zangu, na zikihitajika kutoa harufu, hilo nalo Kirumba halitushindi.

Kama nafasi za sangara zimejaa, hata udagaa naupokea.

Wako katika foleni,
Mpiga Picha.