Watuhumiwa Sita wa Banda la Kuku

Maonyesho ya wakulima ya Nane Nane yakifika, iwe viwanja vya Nzuguni Dodoma au John Mwakangale Mbeya, watu hujazana banda la kuku. Ni haki: trekta haliwiki. Ila kuku wa wilaya mbalimbali hawalali jirani wiki nzima bila kuambukizana chochote. Hawa hapa watuhumiwa sita wa maambukizi hayo; tunaanzia mkiani.

6. Kifaranga. Mtoto anambusu, mama anapiga picha. Kifaranga mzima wa afya anaweza kubeba salmonela. Yeye hajui, mtoto hajui, choo cha nyumbani kitajua.

5. Mkono wako. Umepapasa upanga wa jogoo, umeguna kwa bei, sasa unaufuata mshikaki. Bomba la maji liko wapi? Sabuni je? Haya, tusubiriane.

4. Bata. Anapita kama mwenyekiti wa kijiji, hakohoi, halalamiki, na huenda amebeba virusi vya mafua ya ndege. Januari 2017 Uganda ilivikuta kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria, na wale hawasimami mpakani kugonga pasipoti. Marekani mwaka 2015 ugonjwa huo uliangamiza kuku na bata mzinga karibu milioni 50, wengi wakiuawa makusudi ili usisambae. Jimbo la Iowa likapiga marufuku ndege hai kwenye maonyesho. Fikiria banda la kuku bila kuku!

3. Kuku aliyepangwa jirani na bata mzinga. Mayai ya minyoo yake hubeba kijidudu kinachoshambulia ini la bata mzinga. Mmoja anakufa, mwingine anaendelea kuparura. Majirani wa hivyo unawajua.

2. Trei ya mayai iliyotumika. Imezunguka mabanda mengi kuliko afisa mifugo, na kinyesi cha kila banda imebaki nacho. Viatu vyako navyo visijifanye havihusiki.

1. Jogoo bingwa. Huyu ndiye mwenyewe! Kuchi mrefu, karudi na cheti, mnampokea kwa vigelegele na kumfungulia moja kwa moja kwa mitetea. Ugonjwa wa kideri huweza kujificha mwilini siku tano, sita, hata wiki mbili. Tena aliyechanjwa anaweza kuonekana mzima huku akimwaga virusi kwenye kinyesi. Wasiochanjwa nyumbani ndio wanaoharisha kijani, wanapinda shingo, wanaisha. Kwa hiyo chanjo ya kideri ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingi, wapewe wote: tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Msafiri apate yake wiki mbili kabla ya kuondoka. Akirudi, akae peke yake wiki mbili nyingine, na umlishe wa mwisho baada ya wenzake wote. Mitetea wakimuulizia, waambie yuko kwenye semina.