Baraza la Tumbo la Nne

Katika tumbo la nne la mbuzi wa Mzee Makadirio aliishi sultani mmoja, mnyoo asiyetimiza sentimita 2, lakini maringo yake yalimjaa mbuzi mzima. Mkewe, aliyesokotwa mistari myekundu na myeupe, alitaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Baraza lilishiba damu na kodi halikulipa.

Sultani alipenda kusimulia nasaba. "Dawa ya thiabendazoli ilitoka 1961. Kufika 1964 jamaa zetu wa Marekani walikuwa wameizoea. Ikaja ivamektini, 1981. Muongo haukuisha, binamu zetu wa Afrika Kusini wakawa wanainywa kama togwa."

"Na sisi, Mwinyi, tulijifunzia wapi?"

"Hapa hapa, kwa hisani ya Mzee Makadirio."

Hisani hiyo haikuwa ndogo. Mzee hakuwa na mizani. Alimkazia mbuzi jicho moja, akasema, "Kilo ishirini hivi," na mbuzi ana thelathini na tano. Kipimo cha dawa alikisoma kwenye mstari wa kondoo (mbuzi huhitaji zaidi, lakini nani alimwambia?). Chupa ya zizi moja ikanywesha mazizi mawili. Minyoo wanyonge wakafa. Sultani akalewa kidogo, akaamka. Kesho yake Mzee akalihamishia kundi kwenye malisho mapya, ambako mayai ya ukoo wa Sultani yalianguka peke yake. Nchi nzima wakapewa bila vita.

Hadi alipokuja binti afisa mifugo, na kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini. Alifunua kope za mbuzi kumi na wawili, akazilinganisha na kadi. Za wanne zilikuwa zimepauka. Akawapima kwa mizani ya kuning'inia, akawanywesha dozi kamili. Wenye kope nyekundu akawaachia waende zao.

"Mwanangu, hao wanane unawaacha na minyoo yao?"

"Nawaacha makusudi, baba."

Tumboni Sultani aliruka. "Huu ni ubaguzi! Tunadai dawa kwa wote!"

Waziri wake hakuelewa. "Mwinyi, si tumepona?"

"Tumepona, na makabwela nao wamepona! Wale wanaokufa kwa tone moja! Watoto wao watapanda majani na umande, watamezwa, watakuja humu humu kuoa binti zetu. Na wajukuu wangu watakuwa nani?"

Mvua zikanyesha. Majani yakamezwa. Wiki tatu baadaye kijana mmoja, mwembamba, mwenye adabu, alibisha hodi barazani kuleta posa.

Sultani alimtazama juu hadi chini. "Babu yako alinusurika dawa gani?"

"Hakunyweshewa dawa yoyote, Mwinyi. Hakuna aliyetuletea."

Nyuma ya pazia, binti Sultani alikuwa keshajifukiza udi.