Masijala Haijafa

Anayeamini kwamba kompyuta ilikuja kumstaafisha karani wa masijala, ajaribu kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hapa Birmingham. Atajaza fomu kwenye simu: jina, tarehe ya kuzaliwa, mzio, dawa anazotumia, sigara anazovuta na hata zile alizoacha. Akifika, dada wa mapokezi atamuuliza yale yale na kuyaingiza upya, kwa kuwa fomu ya simu na mfumo wa zahanati havisalimiani. Nesi atayauliza kwa mara ya tatu. Daktari naye, macho yakiwa kwenye skrini, ataulizia sigara zile zile huku akichapa kwa vidole viwili. Kazi ya karani haikufutwa hata chembe. Imegawanywa mithili ya nyama ya akika, kila mtu akapata fungu lake, na fungu nono limemwangukia mgonjwa.

Karani huyo ana historia ndefu. Baada ya sheria ya bima ya mwaka 1911, aliyoisimamia David Lloyd George akiwa waziri wa fedha, kumbukumbu za mgonjwa zilikaa kwenye bahasha ndogo ya kaki, inchi 7 kwa 5 hivi, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina la waziri huyo. Degedege la utotoni, mimba, mgongo, presha: yote yalikunjwa na kusukumwa humo hadi bahasha ikavimba. Bahasha mpya ziliacha kutolewa Januari 2021. Yaani zilivuka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na zikaushinda hata mradi wa taifa ulioanzishwa 2002 kumpa kila mgonjwa kumbukumbu ya kompyuta. Mradi ulivunjwa mwaka 2011, gharama yake ikakaribia paundi bilioni 10, bahasha zikiwa bado rafuni. Mwaka 2013 waziri wa afya Jeremy Hunt aliahidi huduma isiyo na karatasi ifikapo 2018. Mwaka huo ulipofika, Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji kilihesabu mashine za faksi zaidi ya 8,000 katika hospitali za England, ikabidi waziri mwingine apige marufuku kununua mpya. Anayedhani kuchelewa ni urithi wetu peke yetu na akumbuke kwamba kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilikuwa na mfumo wake wa kompyuta tangu 2001.

Tatizo ni kwamba waliochora mifumo waliitazama karatasi, hawakumtazama anayeishika. Chukua Small Heath au Sparkbrook, wanakoishi Wasomali wengi, wakiwamo watu wa Barawa ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Fomu inataka jina la kwanza na la ukoo. Mwenye jina lake, la baba na la babu atachagua moja liwe la ukoo, na kaka yake kwenye dawati jingine atachagua lingine. Basi kompyuta inajikuta na kina Mohamed Ali kadhaa, wote wamezaliwa Mwaka Mpya, isijue nani ana kisukari na nani kaja kutazamwa goti. Karani wa zamani aliwajua: huyu ni yule mrefu, yule ni baba wa mapacha wa Coventry Road. Elimu hiyo haikupewa kisanduku kwenye skrini. Dawa iliyotungwa ni namba ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, yenye tarakimu 10, namba nzuri sana isipokuwa kwa kasoro moja: karibu hakuna anayeikumbuka.

Nitaambiwa ninaililia karatasi. La hasha. Karatasi ilipotea, ilimwagikiwa chai, na mwandiko wa madaktari ulihitaji mpiga ramli. Dozi isiyosomeka inaweza kuua. Katika hospitali ya Queen Elizabeth hapa hapa Birmingham, mfumo uitwao PICS humwonya daktari kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Maonyo mengine huyapita kwa kuingiza nywila, mengine hugoma katakata. Hoja hii ni nzito na naipokea, ila inanisaidia mimi. PICS ilitengenezwa ndani ya hospitali, na mwenye malalamiko alijua mlango wa kugonga. Linganisha na Halmashauri ya Jiji, iliyohamia mfumo wa fedha wa kampuni ya Oracle Aprili 2022 kwa bajeti ya paundi milioni 19 hivi. Ilishindwa hata kufunga hesabu zake sawasawa, na gharama zikapita milioni 100. Na hapo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Wengine husema watu watazoea. Watazoea, ndiyo, mpaka siku kama ya 19 Julai 2024, sasisho bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta duniani kote, na mfumo wa EMIS unaotumiwa na zahanati nyingi za England ukazimika. Ile kauli ya ofisi zetu, "mtandao unasumbua", ikasikika kwa Kiingereza safi, na madaktari wakarudi kwenye kalamu. Siku hiyo anatakiwa mtu anayejua nani ni nani bila kubonyeza chochote, na mtu huyo ndiye tuliyemuaga kwa keki na kadi.

Kwa hiyo, msomaji uliyeajiriwa ukarani bila barua wala mshahara, ifanye kazi yako vizuri. Namba yako ya NHS, dawa zako na dozi zake, na jina lako kama lilivyoandikwa mara ya kwanza, yaandike kwa kalamu kwenye karatasi na utembee nayo.