Kinyago cha Huruma

Kwenye sinema za kibanda umiza kila mtoto alijua kanuni moja: stelingi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atavunjiwa meza mgongoni, lakini mwishowe atatoka na shati lililochanika kidogo tu. Ndiyo maana Crash Bandicoot alipoingia kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu alituvuruga akili. Huyu ni stelingi kamili, picha yake imejaa kwenye kava, na bado anakufa mara nyingi kuliko wabaya wake. Anakufa kwa kaa. Anakufa kwa kasa. Anakufa kwa shimo ambalo kuku angelivuka bila hata kusimulia nyumbani.

Mikononi mwangu alikufa kwa kasi zaidi. Sheria ya kibanda ilikuwa ukifa unampa pedi mwenzio, kwa hiyo nilipendwa sana. Watu waligombania kukaa kando yangu, na haikuwa kwa sababu ya mazungumzo yangu.

Waliotuletea balaa hili ni Wamarekani wawili, Andy Gavin na Jason Rubin, marafiki wa tangu utotoni walioanza kutengeneza gemu mwaka 1984 na kuipa studio yao jina la Naughty Dog mwaka 1989. Agosti 1994 walisafiri kwa gari kutoka Boston hadi Los Angeles, na safari ndefu haina kazi nyingine ila maneno. Gemu za kurukaruka za wakati ule, kama ile ya Sonic, zilimwonyesha mhusika kwa ubavu, akikimbilia kulia. Wakaulizana: itakuwaje akikimbia kuelekea ndani ya skrini? Jibu likawachekesha wenyewe, kwamba mchezaji atatazama makalio ya stelingi mwanzo hadi mwisho. Kwa utani wakauita mradi wao gemu ya makalio ya Sonic. Ili tuione na sura yake, wakaweka hatua ambazo Crash anakimbia akija upande wako huku jiwe kubwa likimfukuza. Nawashukuru kwa nia njema, ila mimi sura hiyo sikuwahi kuikagua vizuri. Jiwe halikunipa nafasi.

Hata aina ya mnyama ilituletea ugomvi. Mmoja alisema mbweha, mwingine panya, wa tatu akaapa kwa jina la bibi yake kwamba ni paka wa Kizungu. Kumbe bandicoot ni mnyama mdogo wa Australia, anayebeba watoto mfukoni kama kangaruu. Bibi wa watu aliapiwa bure.

Kisha kuna masanduku. PlayStation haikuwa na nguvu ya kuchora maadui wengi kwa pamoja, hivyo hatua zilibaki na mapengo matupu. Jumamosi moja ya Januari 1996, mwaka uleule gemu ilipotoka, Gavin na Rubin wakaketi wakatengeneza masanduku, maana sanduku halina gharama kulichora. Mengine yana matunda, mengine yana baruti. Ukilikanyaga la TNT linaanza kuhesabu: tatu, mbili, moja. Mtu mwenye akili timamu hukimbia. Mimi hubaki palepale kuhakiki hesabu.

Lakini kisa kikubwa kilitokea mbali na skrini. Kibanda chetu hakikuwa na memori kadi, na bila kadi, ukimaliza hatua za ziada gemu ilikupa alama za siri za kunakili ili kesho uendelee pale ulipoishia: pembetatu, duara, miraba na misalaba, mlolongo mrefu. Nikainakili kwenye karatasi ya daftari, nikaikunja mara nyingi hadi ikawa ndogo kama kidonge, nikaitia kwenye mfuko wa shati la shule. Mama alipofua akaikuta. Akaikunjua, akanyamaza, akamwita shangazi.

Shangazi aliiangalia kwa mbali, mikono nyuma.

“Wifi, hii si ya mtoto. Hii imetumwa.”

“Ni ya gemu, shangazi,” nikasema. “Inafungua daraja.”

“Umemsikia, wifi? Inafungua.”

Karatasi ilichomwa pamoja na chumvi ya mawe. Mimi nilikogeshwa maji ya mwarobaini, na Crash akarudi ufukweni kuanza upya na kaa wake.

Daraja lenyewe lilikuwa la mbao zilizooza, limening'inia kwenye ukungu. Wajanja walitembea juu ya kamba za pembeni. Mimi nilifuata mbao kama raia mwema, nikatumbukia, nikatumbukia tena, hadi siku moja kinyago kiitwacho Aku Aku, kile kinachomkinga Crash dhidi ya pigo, kikatokea chenyewe mwanzoni mwa hatua. Hakuna aliyevunja sanduku. Kibanda kizima kikakubaliana kwamba pedi ile ina baraka, kwa kuwa muujiza ulitokea ikiwa mikononi mwangu, na mwenye kibanda akapandisha bei ya kuishika.

Watengenezaji walikuja kueleza siri yao baadaye. Programu ilikuwa ikihesabu vifo vyako kimyakimya. Vikizidi, inakupa kinyago, au inageuza sanduku la kawaida kuwa kituo cha kuanzia upya, ili mchezaji dhaifu asikate tamaa na hodari asiharibiwe utamu. Baraka zote zile zilikuwa sadaka. Na kibaya zaidi, kinyago hakimwokoi mtu aliyetumbukia shimoni. Nilipewa mwavuli nami nazama.

Naughty Dog ilinunuliwa na Sony mwaka 2001, na baadaye ikatengeneza The Last of Us, gemu inayosifiwa kwa kuliza watu. Mimi walikuwa wamekwisha kuniliza zamani.

Mwaka 2017 studio nyingine, Vicarious Visions, ilizitoa upya gemu tatu za kwanza za Crash, na mpwa wangu akaniita tucheze. Wachezaji wa zamani walilalamika kwamba kuruka kumekuwa kugumu, wakaandika kwamba Crash mpya huteleza akitua ukingoni na huanguka kwa kasi kuliko wa zamani, na waliotoa gemu wakakiri kuwa kuruka kwake kumebadilika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na udhuru ulioandikwa. Nikamweleza mpwa wangu kila ninapotumbukia, naye akasikiliza kwa adabu, mpaka kinyago kikatokea.

“Mjomba, mbona kimekuja chenyewe?” akauliza, macho yamemtoka. “Mimi nimeimaliza gemu yote, sijawahi kukiona hapo mwanzo.”

Nikamwambia hicho hupewa watu wazima tu, kwa heshima.